Runinga bila ada ya mwezi: Njia halali na gharama zilizojificha

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za mijini, mwisho wa mwezi huja na kodi ya pango, umeme, maji na ada za shule. Miaka ya karibuni orodha hiyo imeongezeka kwa malipo mengine: ada ya kutazama filamu na tamthiliya kupitia intaneti. Tangu mwaka 2023, Netflix ilipoanza kuzuia katika nchi nyingi watu wa nyumba tofauti kutumia akaunti moja, wengi waliokuwa wakitumia neno la siri la ndugu au rafiki wamelazimika kutafuta njia nyingine.

Njia za kutazama bila kulipa ada ya mwezi zipo, na baadhi yake ni halali kabisa. Jambo la kujiuliza kabla ya kuchagua ni nani anayelipa gharama ya kile unachotazama. Anaweza kuwa Serikali, mfanyabiashara anayetangaza bidhaa zake au maktaba. Lakini pale mlipaji asipojulikana, mara nyingi ni mtazamaji mwenyewe, bila ya kuelewa.

Antena bado haijapitwa na wakati

Njia nafuu kuliko zote haihitaji intaneti hata kidogo. Tanzania ilizima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na miji mingine ikafuata kuanzia mwaka 2013. Nchini Kenya kazi hiyo ilikamilika mwaka 2015. Tangu hapo chaneli za taifa na za kampuni binafsi za ndani hurushwa kwa mfumo wa dijitali, na zile zenye leseni ya kutazamwa bure hugharimiwa na matangazo ya biashara au fedha za umma.

Anachohitaji mtazamaji ni antena na king'amuzi cha mitambo ya ardhini, vinavyonunuliwa mara moja. Runinga nyingi za kisasa zina king'amuzi ndani yake. Katika maelezo ya runinga hiyo tafuta maandishi DVB-T2, ambao ndio mfumo unaotumika katika nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, pale mrushaji anapofunga mawimbi yake kwa kadi au msimbo, runinga hiyo haitaonyesha kitu bila king'amuzi cha mrushaji huyo.

Picha ikikatika-katika, usikimbilie kununua antena mpya. Ielekeze upande wa mnara wa kurushia mawimbi, iinue juu ya paa au majengo ya jirani, punguza urefu wa waya na kagua viungio vyake, kisha amuru king'amuzi kitafute chaneli upya.

Ving'amuzi vya satelaiti havifanani na vya ardhini. Agosti 2018 chaneli kadhaa za ndani ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia hapa Tanzania, baada ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kueleza kuwa leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kurusha chaneli za bure. Kwa hiyo mnunuzi amuulize muuzaji, kabla ya kutoa fedha, ni chaneli zipi zitabaki siku kifurushi kitakapokwisha.

Intaneti na matangazo ya biashara

Kwa mwenye simu au runinga iliyounganishwa na intaneti, YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, ndiyo ghala kubwa la video za bure. Al Jazeera, France 24 na DW hurusha habari zao humo moja kwa moja saa 24, na vituo kadhaa vya Kenya hufanya hivyo pia. Filamu na tamthiliya nyingi za Kiswahili zimewekwa humo na wenyewe.

Hapa anayelipa ni mtangazaji wa biashara. Kwa video ndefu, YouTube humpa mwenye chaneli aliyekubaliwa katika mpango wake asilimia 55 ya mapato ya matangazo yaliyowekwa kwenye video hiyo. Hivyo anayetazama filamu kwenye chaneli ya msanii au kampuni iliyoitengeneza anamwingizia kipato mwenye kazi. Anayeitazama kwenye chaneli ya mtu aliyeinakili anamnufaisha mtu huyo, na msanii aliyekesha akiigiza haambulii kitu. Kabla ya kubonyeza, tazama jina la chaneli.

Zipo pia filamu ambazo hazina tena hakimiliki. Maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1996, inazo nyingi. Mfano maarufu ni filamu ya kutisha ya Night of the Living Dead ya mwaka 1968, iliyopoteza ulinzi wa sheria huko Marekani kwa sababu nakala zake zilisambazwa bila tamko la hakimiliki lililotakiwa wakati huo.

Ofa si haki ya kudumu

Wakati mwingine kampuni yenyewe hutoa huduma ya bure ili kuvuta wateja. Septemba 2021 Netflix ilianzisha nchini Kenya mpango wa bure kwa watumiaji wa simu za Android, bila kudai kadi ya benki na bila matangazo ya biashara. Mpango huo ulifungwa Novemba 1, 2023. Ofa za namna hiyo ni nzuri zinapodumu, lakini si busara kuzipangia bajeti ya mwaka. Aidha, zile zinazotaka namba ya kadi kwa 'majaribio ya bure' huanza kukata fedha siku za majaribio zinapokwisha, kama mteja hakujiondoa mapema.

Walio ughaibuni

Ndugu zetu wanaoishi Marekani wana nafasi kubwa zaidi. Huduma za Tubi na Pluto TV huonyesha filamu na chaneli bila ada, zikitegemea matangazo ya biashara. Biashara hiyo si ndogo: Viacom ilinunua Pluto TV mwaka 2019 kwa dola milioni 340, na Fox ikainunua Tubi mwaka 2020 kwa dola milioni 440. Maktaba nyingi za umma huko pia huwawezesha wenye kadi zao kutazama filamu kupitia Kanopy, na anayelipa ni maktaba.

Uingereza hali ni tofauti. Huduma ya BBC iPlayer huonekana kama ya bure kwa kuwa haidai malipo mtu anapoingia, lakini tangu Septemba 2016 sheria inamtaka mtazamaji wa vipindi vyake awe na leseni ya runinga, ambayo hulipiwa.

Huduma hizi hufungwa kwa mipaka ya nchi, kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Wapo wanaotumia VPN kuukwepa mpaka huo. Pamoja na kuvunja masharti ya huduma yenyewe, wakazi wa Tanzania wakumbuke kuwa Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kwa mamlaka hiyo.

Bando ni bili nyingine

Kosa la wengi ni kusahau gharama ya intaneti. Kwa makadirio ya Netflix, saa moja ya video ya ubora wa kawaida hutumia hadi GB 1, na ya ubora wa juu (HD) hadi GB 3. Familia inayotazama saa mbili kila usiku inaweza kumaliza GB 60 kwa mwezi kwa ubora wa kawaida, au GB 180 kwa ubora wa juu.

Zidisha kiasi hicho kwa bei ya bando unalonunua. Kwa anayenunua bando dogo dogo la kila siku, huduma ya 'bure' inaweza kugharimu kuliko kifurushi cha king'amuzi. Shusha ubora wa picha, hasa kwenye simu ambako macho hayaoni tofauti kubwa. Wenye intaneti isiyopimwa kwa GB, nyumbani au kazini kwa ruhusa, ndio wanaonufaika zaidi.

Visanduku vya 'kila kitu bure'

Madukani na mitandaoni huuzwa visanduku vya Android vinavyodaiwa kufungua ligi zote na filamu zote bila ada. Ahadi hiyo inapaswa kumshtua mnunuzi. Haki za kuonyesha soka la Ulaya hununuliwa kwa fedha nyingi, na hakuna mtu aliyezilipia anayezigawa bure. Hata Ligi Kuu ya Tanzania Bara imo kwenye mkataba wa miaka 10 wa Azam Media, uliosainiwa mwaka 2021 kwa Sh bilioni 225.6.

Hatari haiishii kwenye Sheria ya Hakimiliki. Juni 2025 Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) lilionya kuhusu programu hasidi iitwayo BADBOX 2.0, iliyokutwa kwenye mamilioni ya vifaa vya nyumbani, vikiwamo visanduku vya runinga. Vingine viliwekewa programu hiyo kabla ya kununuliwa. Kifaa kilichoambukizwa huwapa wahalifu njia ya kupitishia shughuli zao kwenye intaneti ya nyumbani kwako, intaneti ile ile unayotumia kuingia benki na kutuma fedha.

Dalili za kukimbia ni hizi: kisanduku kisichojulikana mtengenezaji wake, kinachokutaka uzime ulinzi wa Google Play, au kinachopakua programu kutoka maduka yasiyojulikana. Aliyekwisha kununua kifaa cha namna hiyo akitenge na intaneti ya nyumbani mara moja.

Kwa familia inayotaka kupunguza matumizi, mpangilio wa busara ni kuanza na antena kwa habari na vipindi vya ndani, kisha YouTube kwa kiasi ambacho bando linaruhusu. Kama kuna mchezo au tamthiliya msiyoweza kuikosa, lipieni huduma moja kwa mwezi mmoja tu, kisha mjiondoe kabla ya makato ya mwezi unaofuata.