Hewa Inapogeuka Sumu

Sisi tunaoishi Endasak, chini ya Mlima Hanang, twaijua hewa kwa upungufu wake. Apandaye hadi kileleni, mita 3,417 juu ya usawa wa bahari, hukuta kanieneo la hewa ni thuluthi mbili tu ya lile la pwani. Pumzi humkatika na kichwa humgonga. Ndiyo maana mtu wa huku akiambiwa kwamba oksijeni ikizidi yaweza kumwangusha mwenye afya njema, hudhani anataniwa. Katika miaka yangu ya ualimu, swali ambalo wanafunzi hawakuchoka kuniuliza lilikuwa hili: ikiwa oksijeni ndiyo uhai, mbona hatuivuti tupu? Jibu limo katika historia ya wapiga mbizi, nalo lilipatikana kwa gharama.

Mwingereza Joseph Priestley, aliyeitenga hewa hiyo mwaka 1774, aliona mshumaa ukiwaka ndani yake kwa nguvu na kwisha upesi, akajiuliza kama maisha ya binadamu nayo yasingeteketea hivyo hivyo. Alikuwa anabahatisha tu, lakini hakuwa mbali na kweli. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alichapisha kitabu kikubwa juu ya kanieneo la hewa. Aliwaweka wanyama na ndege ndani ya chombo cha chuma na kuishindilia hewa. Walishikwa na degedege, wakafa. Bert alithibitisha kwamba kilichowaua hakikuwa mgandamizo wenyewe bali wingi wa oksijeni, na kwamba sumu hiyo hushika mfumo wa fahamu. Mwaka 1899 daktari James Lorrain Smith akaonyesha kuwa hata kwa kanieneo dogo zaidi, oksijeni ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu.

Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, jambo hili likawa la kufa na kupona. Askari wa kuzamia walipewa vifaa vya oksijeni tupu, kwa sababu havitoi mapovu ya kuwafichulia adui. Baadhi yao walizimia majini bila sababu iliyoonekana. Mwanasayansi J.B.S. Haldane alijifanya mwenyewe kuwa mnyama wa majaribio. Degedege ilimtikisa hata mifupa ya uti wa mgongo ikapondeka. Kuanzia mwaka 1942 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Kenneth Donald, aliwapima wapiga mbizi waliojitolea. Dalili iliyojitokeza mara nyingi ilikuwa midomo kuchezacheza. Wengine walipata kichefuchefu, kizunguzungu, mvumo masikioni, au macho kuona mbele tu kama mtu achunguliaye bombani. Kisha misuli yote hukaza, mwili hutukutika, na fahamu hupotea. Mara nyingine degedege huja bila onyo lolote. Nchi kavu mtu hupona. Majini kifaa humtoka mdomoni, akafa maji.

Lakini lililowashangaza zaidi ni kwamba hapakuwa na kipimo cha kutegemea. Mpiga mbizi mmoja, akijaribiwa tena na tena kwa miezi mitatu kwenye kina kile kile cha futi 70, siku moja alistahimili dakika 7 na siku nyingine dakika 148. Kazi ngumu iliharakisha hatari, na ndani ya maji ilikuja mapema kuliko katika chumba kikavu. Donald alishauri oksijeni tupu isitumiwe chini ya futi 25, yaani kama mita 8.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Tarehe 29 Septemba 2019, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama na mama na binti yake mdogo. Lilipatikana kwenye kina cha mita 58, na likatolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo watu ufukweni walinung'unika: kwa nini wapiga mbizi hawashuki wakalitoa?

Tupige hesabu. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo kwa kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu yetu pwani. Kwenye mita 58 kanieneo ni karibu mara 7. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Kwa hiyo pale chini oksijeni hufikia kipimo cha 1.4, ambacho wapiga mbizi wa leo hukihesabu kuwa mpaka wa usalama kwa mtu anayefanya kazi. Naitrojeni nayo hulevya kama pombe. Ongeza giza, mkondo wa maji na kazi ya kufunga kamba, ndipo utajua walichokuwa wakiombwa kufanya.

Simlaumu aliyelia ufukweni. Msiba hauna subira, na familia ile ilistahili kuwazika watu wake. Hata hivyo wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayeshuka huko anatumia maarifa yaliyonunuliwa kwa miili ya watu waliojitolea, na hata sasa hakuna awezaye kumwambia kwa hakika kama leo ni siku yake ya dakika 148 au ya dakika 7. Akisema ngojeni kwanza tupime, huo si woga. Tumsubiri.