JPEG, TIFF au RAW: picha ihifadhiwe vipi inapohaririwa?

Muundo wa JPEG, uliotolewa mwaka 1992, hupunguza uzito wa faili kwa kutupa taarifa ambazo jicho halizitambui kwa urahisi. Tatizo huja picha inaporekebishwa na kuhifadhiwa tena na tena: kila mara taarifa nyingine hupotea, na kingo za nyuso na maandishi huota madoa. TIFF na PNG kwa kawaida hazitupi kitu. TIFF ya biti 16 hubeba viwango 65,536 vya kila rangi ya msingi. JPEG ya kawaida, 256 tu, ndiyo maana anga iliyong'arishwa hutokeza michirizi. Faili la TIFF ni zito, lakini picha ya harusi haipigwi mara ya pili. Faili ghafi la kamera, RAW, lisifutwe. JPEG itolewe mwishoni, kwa ajili ya kutumwa.