Ukombozi wa Nchi na Ukombozi wa Watu



Somo la uhusiano wa kimataifa limelelewa na wafuasi wa uhalisia: dola ndiyo mhusika mkuu, na usalama ni mipaka na majeshi. Nadharia hakiki ikaja na swali moja tu: usalama wa nani, wa serikali au wa raia?

Chimbuko lake ni Max Horkheimer, mmoja wa wasomi wa Frankfurt waliowakimbia Wanazi. Mwaka 1937 aliitenga nadharia inayoeleza dunia ilivyo na ile inayotaka kumtoa binadamu utumwani. Mwaka 1981 Robert Cox, Mkanada aliyewahi kufanya kazi ILO, akaileta hoja kwenye somo letu: kila nadharia ina mwenyewe na ina kazi aliyoitumwa. Mwaka 1991 Ken Booth wa Aberystwyth akasema usalama wa kweli ni ukombozi, yaani kumtoa mtu katika vita, umaskini, ujinga na uonevu.

Sasa, sisi tuliokulia Dar es Salaam neno ukombozi hatukulikuta vitabuni. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake pale tangu 1963 hadi 1994. Lakini tuseme ukweli: ukombozi ule ulikuwa wa nchi. Bendera ikishapandishwa, Mkataba wa OAU ulikataza kuingilia mambo ya ndani. Waganda waliuawa chini ya Idi Amin, naye 1975 akapewa uenyekiti wa OAU! Alipovamia Kagera 1978, majeshi ya Tanzania yalimrudisha, yakasonga mbele, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Julai mwaka huohuo, mkutanoni Monrovia, Nimeiri na Obasanjo wakamlaumu Nyerere.

Kwa kipimo cha Booth, Nyerere alikuwa na haki. Ila mambo hayakuishia hapo. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulizua ugomvi, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Amin kaondoka, raia bado anakimbia risasi.

Ndipo ninapoona pengo la nadharia hii. Kwa Kiswahili tunakomboa pia rehani: yuko anayelipa, na aliyelipa hakosi kudai. Kukombolewa si kujikomboa. Booth katueleza ukombozi ni nini. Nani aufanye, na baada yake nani atawale, hilo tusiwaachie wa Aberystwyth watujibie.

Nawasilisha.