Taimingi ya pikipiki: spea mpya haina alama, ufanyeje?

Leo naacha habari za mjini naingia gereji. Pikipiki ya kaka yangu hapa Ifakara ilifungwa sproketi mpya ya kamshafti isiyo na alama hata moja. Fundi akakisia, akapiga kiki, tukasikia "kah!" Valvu zikapinda. Ilikuwa msimu wa mavuno ya mpunga, wenzake wanapeleka abiria Lupiro kupitia daraja la Kilombero, yeye kakaa nyumbani na marejesho ya mkopo yanamsubiri. Ndo maana naandika.

Taimingi ni nini? Kwenye injini ya stroki 4, krenki ikizunguka mara 2 kamshafti inazunguka mara 1. Cheni inaziunganisha ili valvu zifunguke na kufunga kulingana na pistoni ilipo. Alama inarahisisha kazi tu. Isipokuwepo, ukweli bado umo ndani ya injini.

1. Usitupe sproketi ya zamani. Hesabu meno, lazima yalingane. Ilaze juu ya mpya, matundu ya bolti na meno yakae sawa, halafu hamisha alama kwa tupa. Dakika 5 tu umemaliza.

2. Tafuta pistoni ikiwa juu kabisa. Magneti nyingi zina herufi T kwa kazi hiyo. Kama haipo, toa kamshafti kwanza ili valvu zote zifunge, na shikilia cheni isijikunje chini. Chukua plagi mbovu, toa kaure yake, funga bolti ndani itokeze kidogo, kisha ifunge kwenye silinda. Zungusha magneti kwa mkono polepole mpaka pistoni iguse, weka alama. Rudisha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama. Pima kwa uzi: katikati ya alama hizo 2, upande ule mfupi, ndo juu kabisa. Toa hiyo plagi!

3. Funga kamshafti vichwa vyake vikiwa vimeipa mgongo roka, yaani roka zote 2 zinacheza kidogo. Pistoni juu, valvu zimefunga. Vuta cheni, fuata alama uliyohamisha.

4. Spea ya zamani imepotea? Rekebisha nafasi ya valvu, kisha zungusha krenki raundi 1 kwa mkono, taratibu, pistoni irudi juu. Hapo valvu ya moshi inamalizia kufunga na ya hewa inaanza kufunguka, zote kidogo na karibu sawa. Moja ikizidi sana, sogeza cheni jino 1 uangalie tena. Sproketi ikiwa na meno 34, jino 1 ni kama digrii 21 za krenki, si mchezo. Kitabu cha injini husika ndo hakimu wa mwisho.

5. Funga kikaza cheni, toa plagi, zungusha krenki kwa mkono raundi 2 kamili. Ikigota popote, simama, usilazimishe. Kaka yangu angeokoa valvu zake kwa raundi hizo 2 tu.

Kwa hiyo mdau, ukipeleka chombo gereji simama pale pale, omba spea ya zamani ibaki mezani, na usiruhusu kiki kabla ya mkono. Aliyewahi kukutana na hili atujuze alifanyaje. Nawasilisha.