Lonchi Kontroli, ABS na Nduthi ya Steji: Kompyuta Inasaidia Wapi, na Mkono Wako Unabaki na Kazi Gani?

Ukikaa steji ya Matulo jioni, kabla wateja wa kutoka Webuye waanze kushuka, hii stori lazima utaisikia. Msee mmoja ametoa simu, anaonyesha wenzake video ya MotoGP. Taa nyekundu zinazima, pikipiki zaidi ya 20 zinachomoka pamoja kama nyuki. Mmoja anasema, "Hizo zinajiendesha. Ungenipa hiyo, hata mimi ningeshinda."

Ni kweli? Kidogo tu. Wacha tuichambue, juu kwa barabara ya Webuye kwenda Kitale hili swali si la mchezo. Ni la mama amekaa nyuma yako na mtoto mgongoni.

Lonchi kontroli ni nini?

Ni programu kwa kompyuta ya injini inayosaidia pikipiki kutoka haraka bila tairi la nyuma kuzunguka bure, na bila la mbele kuinuka. Unabonyeza kitufe, unafungua mafuta hadi mwisho, na kompyuta inazuia injini isipite kiwango fulani cha mzunguko. Ukiachilia klachi, inakata nguvu kidogo kidogo kila ikihisi tairi linataka kuteleza. Yamaha R1 ya 2015, pikipiki ya kuuzwa dukani kabisa, ilikuja nayo.

Lakini cheki hapa: klachi bado iko mkono wa kushoto wa mwendeshaji. Akiiachilia vibaya, wenzake washaenda. Tangu 2016 timu zote za MotoGP zinatumia kompyuta ya aina moja na programu moja, na bado kuna anayeshinda na kuna wa mwisho. Tena kuanzia 2027, vifaa vya kushusha pikipiki chini ili itoke vizuri vinapigwa marufuku huko. Hata wenye mchezo wameona mashine zimezidi.

ABS nayo?

Hii ndiyo ya maana kwako. Ukishika breki kwa nguvu, tairi linaweza kujifunga: linaacha kuzunguka na linaanza kuteleza. La mbele likijifunga, maze, uko chini kabla useme "woi". ABS ina sensa inayosoma mwendo wa tairi. Ikiona linataka kujifunga, inalegeza breki na kuishika tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. BMW walianza kuiweka kwa pikipiki mwaka wa 1988.

India, kwenye nduthi zetu nyingi zinatoka, sheria imeshika tangu 2019: pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 lazima iwe na ABS, na ndogo ziwe angalau na breki zilizounganishwa, ukishika moja mbele na nyuma zinashika pamoja. Lakini Boxer 150 tulizozoea steji zina breki za dramu, bila ABS. Kompyuta ya kukuokoa haipo. Uko wewe.

Na hata ingekuwepo, ABS haifanyi miujiza. Kwa murram yenye changarawe inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama. Haijui trela ya miwa iko mbele bila taa. Haioni tope jekundu ambalo trekta imeburuta hadi kwa lami. Hayo ni macho yako.

Hesabu ya kusimama

Uko 60 km/h, lami kavu, na ng'ombe anaingia barabara. Chukulia unachukua sekunde moja kushtuka na kufikia breki. Hapo ushaenda mita 17. Ukishika breki vizuri, bado unahitaji kama mita 28. Jumla mita 45. Kwa 80 km/h? Kama mita 72. Umeongeza 20 pekee, lakini umbali umekaribia kurudi nusu tena na zaidi. Beba watu wawili, mvua inyeshe, tairi iwe kipara, na hizo mita zinaongezeka. Hakuna kifaa kinachofuta hiyo sekunde moja ya kwanza.

Skills za kujifunza leo

*Breki ya mbele.* Wengi wanaiogopa, wanakanyaga ya nyuma pekee. Ukweli ni kwamba ukisimama, uzito unahamia mbele, na hapo ndipo nguvu nyingi ya kusimama iko. Siri ni kuikamua polepole halafu unaongeza. Usiinyakue. Tafuta uwanja mtupu, anza na 20 km/h, bila mteja.

*Shika breki kabla ya kona.* Pikipiki ikiwa imelala, tairi lina kazi ya kukuzungusha. Ukiliongezea breki kali, linashindwa.

*Kwa tope, mkono laini.* Mafuta polepole, gia ya juu kidogo, macho mbali. Hiyo ndiyo trakisheni kontroli yako, na haiuzwi dukani.

*Angalia tairi, cheni na kebo za breki kila asubuhi.* Dakika tatu pekee.

Na hizi za umeme?

Nduthi za umeme kama Roam Air, inayotengenezwa Nairobi, hazina klachi. Mota ya umeme inatoa nguvu yake hapo hapo ukifungua mkono, na ni programu inaamua nguvu hiyo ije laini au kwa kishindo. Kwa hivyo kompyuta inakuja steji, tupende tusipende. Lakini kusoma barabara bado ni kwako.

Kifaa cha bei ya chini kuliko vyote

Ni helmeti. Utafiti uliokusanywa duniani unaonyesha inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya trafiki ya Kenya inataka helmeti na jaketi ya kung'aa, yako na ya abiria, na abiria awe mmoja. Si wawili na gunia la mahindi.

Kwa hivyo ukirudi steji, mwambie yule msee hivi: mwendeshaji wa MotoGP amevaa suti yenye mfuko wa hewa, barabara imefagiliwa, na ambulansi inamngoja. Wewe hapa Matulo una dramu mbili, barabara ya miwa, na mtu aliyekuamini kwa mia moja. Kati yenu, wewe ndiye unahitaji skills zaidi.