Habari za Kriketi Katika Nchi ya Laikipia

Hapa kwetu Ufipa mchezo wa vijana ni mpira wa miguu. Jioni ukipita kijiji chochote toka Sumbawanga hata Namanyere utawakuta wakiucheza, wengine kwa mpira wa dukani, wengine kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba. Basi siku moja mwanafunzi aliniletea picha ya vijana wa Kimasai waliovaa shuka nyekundu na shanga, mmoja wao ameshika gongo pana la mti, akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanapigana na nani?" Nikamjibu kwamba hawapigani, wanacheza. Hakusadiki. Habari zao ndizo nitakazo kuwaeleza wasomaji leo, wala sina budi ila kuanza mbali kidogo, kwa maana mchezo huo uliingia nchi zile pamoja na mambo mengine mazito.

Kriketi ni mchezo wa Waingereza. Vijiti vitatu husimamishwa chini, na mbele yake husimama mtu mwenye gongo. Mtu wa upande wa pili hutupa mpira mgumu wa ngozi, akijaribu kuviangusha vile vijiti. Mwenye gongo huupiga mpira uende mbali, kisha yeye na mwenzake hupishana mbio, na kila wavukapo huhesabiwa moja. Kwa desturi watu ni kumi na mmoja kila upande. Mchezo mrefu huweza kuchukua siku tano, jambo ambalo mkulima wa ulezi hawezi kulisikia pasipo kucheka. Lakini uko na mfupi, wa saa tatu hivi.

Sasa tuitazame nchi. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza iliwatoa Wamasai katika sehemu nzuri za Bonde la Ufa, ikawapa Laikipia upande wa kaskazini, na nchi nyingine upande wa kusini. Mkataba uliowekwa na Olonana na wakuu wenziwe ulisema ya kuwa nchi hizo ni zao maadamu kabila la Wamasai lipo. Kabila lilikuwapo bado, tena lenye nguvu, mwaka 1911 ulipoandikwa mkataba wa pili, na Wamasai wa Laikipia wakaamriwa kuhamia kusini ili walowezi wapate mahali. Safari zile zilikuwa za taabu, na ng'ombe wengi walikufa njiani. Ole Njogo na wenzake wakaishitaki serikali. Mwaka 1913 mahakama ilikataa shauri lao, ikisema kwamba ile ni mikataba baina ya mataifa, wala mahakama haina uwezo juu yake. Mtu huahidiwa kama mwenye taifa, akidai ahadi yake huambiwa hana mlango wa kuingilia! Na katika miaka ile ile, mwaka 1910, watu wa serikali na walowezi walianza kushindana kwa kriketi kirafiki. Mwafrika hakuwamo.

Alichelewa sana kuwamo. Hata mwaka 1975, Afrika ya Mashariki ilipopeleka wachezaji wake Uingereza kushindania Kombe la Dunia, wengi wao walikuwa wenye asili ya Kihindi. Miongoni mwa Waafrika wachache alikuwamo John Nagenda wa Uganda, mtoto wa yule mhubiri William Nagenda ambaye wazee wetu wengi walilisikia jina lake.

Il Polei ni kijiji cha Mukogodo, katika Laikipia. Watu wa Mukogodo zamani walikaa mapangoni na kufuga nyuki, wakisema Kiyaaku. Mnamo miaka ya 1920 na 1930 wakashika ng'ombe na lugha ya Kimasai. Kijijini hapo alifika Bibi Aliya Bauer, mtu wa Afrika Kusini, kwa kazi ya kuwachunguza nyani. Alipenda kriketi, akaanza kuwafundisha watoto wa shule. Vijana wakubwa wakasimama kando wakitazama, halafu nao wakataka kujaribu. Waliona kwamba kuutupa mpira si mbali na kuutupa mkuki. Wakaunda timu yao, wakicheza na shuka zao na shanga zao, na mwaka 2013 wakafika Uingereza kucheza huko.

Tarehe 14 Juni 2015 walikutana huko Ol Pejeta, katika Laikipia hiyo hiyo, na askari wa Kiingereza waliokuwa mazoezini katika Kenya. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, wa kuchangisha fedha kwa ajili ya kifaru mmoja jina lake Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini. Kifaru huyu alikamatwa angali mdogo, akapelekwa Chekoslovakia mwaka 1975, akarudishwa Afrika mwaka 2009. Akafa tarehe 19 Machi 2018, akiacha binti yake na mjukuu wake tu. Mimi huifikiri sana siku ile. Nchi ni ile iliyoandikiwa mikataba miwili, na mchezo ni ule wa waliouvunja wa kwanza, lakini safari hii Mmasai ndiye mwenye kuutupa mpira.

Walakini nahodha wao, Sonyanga Ole Ngais, na wenzake hawakutaka mchezo tu. Walipofundisha watoto kriketi walinena pia juu ya ukimwi, na juu ya kuwatahiri wasichana na kuwaoza wangali wadogo. Kenya ilikwisha kutunga sheria ya kukataza kutahiri huko mwaka 2011, lakini sheria haiingii nyumbani usiku. Vijana wakawaendea wazee wao na kubishana nao uso kwa uso, jambo zito kwa kijana wa Kimasai. Mambo hayo yalionyeshwa katika sinema iitwayo Warriors, ya mwaka 2015.

Nilipomsimulia mwanafunzi yule alisema, "Sisi Wafipa hatutahiri wasichana." Ni kweli. Nikamwuliza dada yake, aliyekuwa akiketi dawati la mbele mwaka jana, yuko wapi sasa. Akaitazama picha tena, kisha akasema ameolewa Laela.