Noti za Vita za Afrika Mashariki ya Kijerumani

Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa noti zake za kwanza mwaka 1905: za rupia 5, 10, 50 na 100. Ya rupia 500 ilifuata mwaka 1912. Zote zilichapwa Leipzig na kampuni ya Giesecke & Devrient, kwa ustadi mkubwa; ya rupia 5 ina simba, ya rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam. Kuzipanga noti hizi tano ni kazi nyepesi. Kinachowavutia wakusanyaji zaidi ni zile zilizochapwa baadaye kwa haraka, ndani ya koloni.

Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari na noti mpya kutoka Ujerumani zikakatika. Huku nyuma mahitaji yalizidi. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa, nafaka kununuliwa vijijini, na aliyekuwa na sarafu ya fedha aliificha. Ikabidi noti zichapwe palepale, kwa mitambo iliyokuwa ikichapa magazeti na fomu za serikali. Ya rupia 20 ina tarehe 15 Machi 1915; zikatolewa pia za rupia 1, 5, 10, 50 na 200.

Ukiishika noti ya rupia 1, huoni picha wala urembo mwingi: maandishi ya Kijerumani, tarehe, herufi na namba ya mfululizo, sahihi mbili, na tai upande wa pili. Hata hivyo, noti mbili za tarehe moja zinaweza kutofautiana kabisa. Karatasi ilikuwa yoyote iliyopatikana, nene au nyembamba, na rangi yake ilibadilika bohari moja ilipokwisha na nyingine kufunguliwa. Sahihi nyingine ziliandikwa kwa mkono, nyingine zikapigwa chapa. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi kuitambua noti. Lazima herufi ya mfululizo, sahihi na karatasi vitazamwe pamoja.

Tabora nako, mwaka 1916, karakana ya reli ilifua sarafu za shaba nyekundu na njano za heller, yaani visehemu vya rupia, pamoja na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Lakini Septemba mwaka huohuo Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji.

Jeshi la Wajerumani lililosalia kusini halikuwa tena na mitambo. Noti zake za mwisho, zenye tarehe 1 Oktoba 1917, zilipigwa kwa mihuri ya mpira, herufi kwa herufi, kwa seti ya kuchapia ya kuchezea watoto. Wakusanyaji huziita noti za porini. Mistari yake imepinda na wino umefifia, na hakuna hati ya serikali inayoonyesha wazi kuliko hizo jinsi utawala ule ulivyokuwa umeishiwa. Novemba 1917 kamanda wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na uchapaji ukakoma.

Katika miaka ya 1970 katalogi ya Mjerumani Albert Pick iliyafikisha matoleo haya kwa wakusanyaji wa dunia nzima. Noti tano za Leipzig zina namba 1 hadi 5. Za vita zimechukua makumi ya namba, nyingi zikigawanywa tena kwa herufi ndogo kufuata sahihi na karatasi.